Teleka wa Duka la Magodoro

Nilienda kuhesabu ndege kwa sababu sikuamini kwamba wanahesabika.

Aliyenialika ni mwanamke aliyenifundisha darasa la tano na ambaye sasa amestaafu. Mji mzima wa Sultan Hamud humwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Alinikuta kwenye foleni ya kioski cha maji, nikiwa na mitungi miwili ya manjano, na digrii ya takwimu niliyokaa nayo nyumbani mwaka mmoja na nusu bila kazi.

"Bado unabisha?" aliniuliza.

"Pale panapohitajika, Mwalimu."

"Darasani ulibisha hata rejista. Njoo Alhamisi jioni. Tunahesabu ndege, na kuna mtu anasema tunajidanganya."

Angeniambia kuna jambo jema la kufanyia jamii nisingeenda. Lakini kusikia kwamba kuna mtu anapinga, na huenda yuko sahihi, hilo lilinitoa nyumbani.

Mama yangu alifurahi kupita kiasi. Watu wa Mwalimu walikuwa wa kanisa lake, na mimi niliacha kanisa mwaka wa pili wa chuo kikuu, baada ya kuuliza maswali ambayo kila mtu aliniambia nikamwulize mtu mwingine. "Nenda tu, mwiitu," Mama alisema, kwa sauti ile ya Kikamba anayoitumia akitaka nibaki binti yake mdogo. "Hata kama ni kuhesabu kunguru."

Hawakuwa kunguru. Walikuwa teleka, ndege wadogo weusi wenye kiraka cheupe juu ya mkia na mabawa yaliyopinda kama mundu. Wengi hapa huwaita mbayuwayu na kuendelea na shughuli zao. Mwalimu alinieleza tofauti: mbayuwayu hutua kwenye waya wa stima, teleka hatui. Miguu yake ni mifupi, inaweza tu kung'ang'ania ukuta. Anakula angani, anakunywa akipita juu ya maji, na hata manyoya na nyasi za kujengea kiota anazidaka zikipeperushwa na upepo, halafu anazigandisha chini ya paa kwa mate yake. Nilimwuliza nani amethibitisha hayo yote. Alinitazama kama alivyonitazama nikiwa na miaka kumi na mmoja, akanielekeza nyaya za barabarani. Nilizitazama nusu saa nzima. Ndege wengine walitua, teleka hata mmoja hakutua. Nikaona basi, hilo moja nitalikubali kwa muda.

Fomu zilitoka kwa watu wa Nairobi wanaofuatilia ndege hao katika miji mbalimbali, na Mwalimu alikuwa amejitolea kwa niaba ya mji wetu. Pamoja naye walikuwa mama mmoja wa kwaya, mpole sana, ambaye kazi yake ilikuwa kushika saa, na mwendeshaji bodaboda mwenye mke na watoto watatu, ambaye alisema anakuja kwa sababu jioni ndiyo saa pekee ambayo wateja hawampigii kelele. Nami nikawa wa nne.

Walikuwa wamemaliza majengo mengine. Lililobaki ndilo lililokuwa na ugomvi.

Ni jengo la mawe la zamani, la ghorofa moja, lenye upenu mpana unaofunika baraza upande wa barabara. Chini ya upenu huo viota vilikuwa vimeshikana kama uji uliofurika kwenye sufuria na kukaukia ukingoni. Mwenye jengo ni mfanyabiashara ambaye familia yake ilitoka Wajir kabla yeye hajazaliwa. Sisi tulimwita Hajji. Hapo barazani huuza magodoro, ndoo na viti vya plastiki, na siku za mnada huenda Emali kununua mbuzi wa kupeleka Nairobi. Kila asubuhi magodoro yake ya mbele yalikuwa na madoa meupe, na kila asubuhi alilazimika kubadilisha karatasi ya nailoni aliyoyafunika nayo.

"Mimi sina shida na ndege," alituambia Alhamisi hiyo tulipofika, mkono mmoja kiunoni. "Lakini hivi ni viota vitupu. Nafungua duka saa moja asubuhi, sioni ndege. Adhuhuri, sioni ndege. Mara moja moja mmoja anapita kama risasi. Nyumba ya mtu aliyehama unaifanya nini? Unabomoa."

"Kama wamehama, haya madoa ni ya nani?" niliuliza.

"Shomoro. Si unawaona? Wameingia kwenye nyumba za wenyewe, hawalipi, wanachafua."

Na kweli shomoro walikuwepo, wawili watatu, wakigombania shimo moja juu ya mlango. Jibu lake lilikuwa zuri kuliko nilivyotaka liwe.

Mwalimu alimweleza kwamba mvua ya Novemba ndiyo imeisha, wadudu ni wengi, na teleka wako kwenye malezi. Mchana wako mbali wakiwinda, huingia mmoja mmoja kwa kasi na kutoka tena. Ni jioni tu ndipo wote hurudi kulala. Fundi wa rangi akikwangua upenu sasa, makinda yataanguka barazani na kufa, kwa kuwa hayajui kuruka na hakuna anayeweza kuyalisha.

Hajji alimsikiliza hadi mwisho. "Fundi wangu anaanza Jumatatu," alisema. "Mna Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nionyesheni ndege arobaini wanaolala humu, nitasubiri watoto wao waondoke. Chini ya arobaini, anakwangua."

"Kwa nini arobaini?" niliuliza.

"Chini ya mbuzi arobaini mimi sikodi lori," alisema, kana kwamba hiyo ilitosha. Na sijui kwa nini, kwangu ilitosha. Angalau ilikuwa namba yenye sababu.

Kabla hatujaanza nilitoa masharti yangu, kwa sauti, mbele yake, kwa sababu nilitaka ajue kwamba mimi si mmoja wa wapenda ndege. Tungegawanya upenu mara mbili, kushoto na kulia, wawili kila upande. Kila mmoja angehesabu kimyakimya, anayeingia moja, anayetoka anaondolewa. Hakuna namba ingeandikwa kama haikuonwa na watu wawili. Wawili wakitofautiana, tunaandika ile ndogo. "Na hakuna kuandika ulichohisi," nilimaliza.

"Huyu nampenda," Hajji alisema.

"Subiri umzoee," mtu wa bodaboda akajibu.

Halafu Mwalimu akatunyoshea mikono. Nilikuwa nimesahau jambo hilo. Hawa ni watu wasioanza kitu bila maombi, iwe ni mkutano wa chama, safari ya kwenda Machakos, au kufungua gunia la mbegu. Tulisimama duara mbele ya duka, tukashikana mikono, macho yakafungwa. Niliyafunga yangu pia, kwa heshima ya yule aliyenifundisha kuandika. Mwalimu aliwaombea madereva wa barabara kuu. Aliombea wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, na magonjwa yao. Aliombea kaunti ipate viongozi wenye kusikia. Katikati ya maombi adhana ikapaa kutoka msikitini, nikasikia kandambili za Hajji zikiondoka haraka barazani. Mwalimu akamwombea Hajji na nyumba yake. Mwisho kabisa akawafikia ndege.

"Amina. Haya, mahali penu."

Jioni hiyo tuliona saba.

Nilirudi nyumbani nikiwa na raha ninayoionea haya sasa. Niliwaza kwamba mfanyabiashara amewashinda watu wa imani kwa macho yake tu, na kwamba kazi yangu ilikuwa kumwambia Mwalimu ukweli kwa upole. Viota ni vingi, ndege hakuna. Ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi.

Kitu kimoja tu kilikataa kukaa sawa. Wakati wa maombi kulikuwa na kelele, ule mlio wa teleka unaofanana na mtu anayepasua kitambaa kirefu, nao ulikuwa mkubwa juu ya vichwa vyetu. Tulipofungua macho kelele ilikuwa imeisha. Wale saba waliingia karibu kimya.

Ijumaa tulikutana saa ileile. Mikono ikashikana, Mwalimu akaanza na madereva. Nilihesabu pumzi tatu, nikafungua macho.

Walikuwa kundi moja zito, wakizunguka juu ya paa kama maji yanayozunguka kabla ya kushuka kwenye shimo, wakipiga mayowe. Duara likaja chini, likapita mbele ya upenu, likarudi juu, na kila lilipopita wachache walikatika na kupotea ndani. Wawili. Watano. Watatu. Nilikuwa nimeshikwa mkono wa kushoto na Mwalimu na wa kulia na mtu wa bodaboda, siwezi kuandika, siwezi kunyosha kidole. Nilihesabu kwa ulimi kwenye meno. Mwalimu alipofika kwa wagonjwa nilikuwa kumi na nne. Kwenye kaunti, ishirini na mbili. Adhana ikapaa, Hajji akatoka akikunja mikono ya shati, akapita chini yao bila kuinua uso. Alipoombewa yeye na nyumba yake nilikuwa ishirini na tisa, na juu ya paa walikuwa wamebaki wachache.

"Amina. Haya, mahali penu."

Waliingia sita.

Mtu wa bodaboda alishusha pumzi. "Saba jana, sita leo. Kesho watano. Mwalimu, hizi ndege zinatuaibisha."

"Si sita," nilisema. "Ni thelathini na tano. Ishirini na tisa wameingia tukiwa tunaomba."

Mama wa kwaya aliitazama saa yake kana kwamba ndiyo iliyokosa.

"Kwa hivyo wewe hukuwa unaomba," Mwalimu alisema.

"Nilikuwa nahesabu."

"Asi! Mikono nimekushika mimi, macho yako angani."

"Mwalimu, wanaingia saa hiyohiyo. Jana tuliwakosa vilevile. Tunafunga macho dakika zilezile wanazorudi!"

Mtu wa bodaboda alianza kucheka, akajaribu kuficha, ikawa kikohozi. "Yaani tumekuja kuona ndege tukafunga macho? Nikisimulia hii kule steji ya boda, nitahamishwa."

Nilinyosha mkono nichukue fomu, niandike thelathini na tano. Mwalimu hakuiachia.

"Uliwaona na nani?"

Nilimtazama mtu wa bodaboda, naye akatazama viatu vyake.

"Wewe mwenyewe ulisema. Hakuna namba isiyoonwa na wawili." Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonichoma. "Sisi wengine tulikuwa tunaomba. Siwezi kuandika kitu ambacho sikukiona kwa sababu tu kinanifurahisha. Mimi ndiye ninayewataka hao ndege zaidi ya wote hapa."

Akaandika sita.

Hajji aliporudi kutoka msikitini tulikuwa bado tumesimama. Aliuliza ngapi, Mwalimu akamwambia. Nikamwambia habari za wale wengine, na nikamwona akitaka kucheka halafu akiacha. Alitazama upenu, akatazama upande wa msikiti.

"Saa ya magharibi," alisema polepole. "Kila siku saa hiyo mimi niko msikitini, kwenye safu. Miaka yote hii." Halafu ule ufanyabiashara wake ukamrudia. "Lakini dada, umeona peke yako. Na hata kesho mkiona wote, nyinyi mnataka wawe wengi. Mtu anayetaka mbuzi awe mnene humwona mnene."

Ningetaka kumpinga. Tatizo ni kwamba alikuwa sahihi, na ningelisema mwenyewe kama ningekuwa upande wake. Sisi wanne tungeweza kusimama pale na kuona arobaini kwa kutamani tu.

"Basi hesabu na mimi," nilimwambia. "Wewe unataka wawe wachache. Usimame nami, upande wa kushoto."

"Na swala yangu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Hajji akahesabu kitu kichwani. "Magharibi ina nafasi. Nitakosa swala ya jamaa, nitaswali peke yangu hapa dukani kabla ya giza kuingia sawasawa. Mara moja. Watu msikitini watauliza kama ninaumwa."

Usiku huo nilipanga hotuba ya kumshawishi Mwalimu. Nilikuwa na hoja nne, na ya mwisho niliipenda sana: kwamba kuna njia ya kuwa na imani bila kufumba macho. Jumamosi nilienda kwake saa nane mchana. Nilimkuta akipepeta ndengu uani, na kabla sijaketi alisema, "Leo tunaomba saa kumi na moja, hapa kwangu. Tukifika dukani ni kazi tu. Chukua ungo ule mwingine."

"Hivyo tu?"

"Ulidhani nitasema Mungu ana saa moja?" Alipuliza makapi. "Nilichokasirikia si macho yako. Ni kwamba uliona na ukanyamaza hadi Amina. Ungenifinya mkono."

Hoja zangu nne zilibaki mfukoni. Nilipepeta ndengu. Saa kumi na moja wengine walikuja, tukaomba, yaani wao waliomba nami nilisimama nao, na macho niliyafunga kwa kuwa safari hii hakukuwa na kitu cha kukosa.

Dukani Hajji alikuwa amevaa koti, kama mtu anayekwenda mahakamani. Alikuwa ameviburuta viti viwili vya plastiki hadi ukingoni mwa baraza, kisha akaona kwamba ukikaa huoni, tukasimama. Mwalimu na mtu wa bodaboda walichukua upande wa kulia. Mama wa kwaya alishika saa.

Wa kwanza waliingia kukiwa bado na mwanga. Nilimfuata mmoja kwa macho toka angani, akaja, akapinda, na kabla sijajua kiota gani alikuwa amepotea na wengine wawili wameshapita nyuma yake.

"Unafanya makosa," Hajji alisema bila kugeuka.

"Makosa gani?"

"Unamfuata mnyama. Mbuzi mia wakipita, ukimfuata mmoja umepoteza kumi. Angalia mwanya. Wewe kaa na mwanya tu, wao watakuja wenyewe." Kidole gumba chake kilikuwa kikitembea juu ya pingili za vidole vya mkono huohuo, pingili moja, pingili nyingine, kama kinaenda peke yake.

Nilijaribu. Upande wetu ulikuwa na boriti nne zilizofanya mianya mitatu. Nilitoa macho angani, nikayaweka kwenye mwanya wa kati na kuacha mingine ijae pembezoni. Ilikuwa vigumu kama kujizuia kutazama anayekuita. Lakini kweli walianza kuja wenyewe.

"Huyu ana ugonjwa gani?" Hajji aliuliza ghafla. Teleka mmoja alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa kiota, karibu kabisa na sisi. "Tazama shingo. Imevimba hapa mbele."

"Amebeba wadudu," nilisema. Mwalimu alikuwa amenieleza. "Huwabana kooni, wengi pamoja, mpaka wawe donge. Anampelekea kinda."

Ndege akaingiza kichwa. Kutoka ndani ya lile rundo la manyoya, lililokuwa kimya siku zote tatu, ukatoka mlio mwembamba wa haraka haraka. Ndege akatoka, na shingo haikuwa imevimba tena.

Kidole gumba cha Hajji kilikuwa kimesimama. Kisha alijikumbuka, akarudi kwenye mwanya.

Adhana ilipopaa nilimwona akisogea nusu hatua, kama mwili unaokwenda wenyewe, kisha akabaki. Na hapo wakaja wote. Duara lilishuka hadi nikahisi upepo wa mabawa usoni, mayowe yakaziba kelele za malori ya barabarani, wakaanza kumiminika. Sikuwaza tena kama nataka wawe wengi au wachache. Hakukuwa na nafasi ya kuwaza.

Kisha kimya. Mama wa kwaya alisema dakika kumi zimepita bila yeyote kuingia.

Mwalimu na mtu wa bodaboda walikuwa wamekubaliana: kumi na saba upande wao. Walikuja wakitabasamu. Nilitazama namba yangu.

"Ishirini na moja," nilisema.

"Ishirini na sita," Hajji alisema.

Nilifanya hesabu, na naamini kila mtu aliifanya. Kwa yangu, thelathini na nane. Kwa yake, arobaini na tatu.

"Sheria inasema namba ndogo," mtu wa bodaboda alisema, kwa sauti ya kumtaka mtu ampinge.

"Andika yangu," Hajji alisema.

"Siwezi."

"Dada, mimi nimehesabu mbuzi tangu sijaota ndevu. Pale mwisho, kwenye paipu la maji ya mvua, walikuwa wanaingia wawili wawili, mmoja karibu aketi mgongoni mwa mwenzake. Wewe ulikuwa unaona mmoja."

"Inawezekana," nilisema. "Hata naamini ndivyo. Lakini jana nilikuwa na namba yangu peke yangu, haikuandikwa. Leo siwezi kuandika ya kwako peke yako kwa sababu inanifaa."

Niliandika thelathini na nane. Walipungua wawili tu, nakiri iliniuma. Sikuthubutu kumtazama Mwalimu, lakini nilipomtazama alikuwa akitikisa kichwa kukubali, macho yake yamejaa maji.

Hajji aliichukua fomu, akaisoma hadi chini kama mkataba, akanirudishia.

"Hii ni ya Nairobi," alisema. "Nairobi waandikie unavyotaka. Lakini mimi sikupatana na Nairobi. Nilisema mnionyeshe ndege arobaini. Nani alikuwa aonyeshwe?"

"Wewe," Mwalimu alisema.

"Basi mimi nimeona arobaini na tatu. Hakuna mtu atakuja kwenye duka langu aniambie sijui kuhesabu kilichopita mbele yangu." Alikuwa amekasirika kweli. "Fundi ataanza na ukuta wa nyuma. Huku mbele hagusi mpaka hao watoto waondoke. Sasa nipisheni, swala inanipita."

Akaingia ndani, na kupitia mlango tulimwona akitandika mkeka katikati ya ndoo.

Nimesimulia habari hii mara kadhaa, na watu hutaka niseme kwamba Hajji alianza kuwapenda ndege. Sina ushahidi wa hilo. Niliona mtu aliyetoa neno lake na akalishika, hata pale ambapo karatasi ilimpa mlango wa kutokea. Magodoro aliyahamishia ndani, akabaki na ndoo na viti barazani, akilalamika kwa kila mteja kwamba wanawake wawili wamemfukuza kwenye baraza lake mwenyewe.

Mwalimu nami tulipita kila jioni. Makinda yalianza kuchungulia baada ya Krismasi, vichwa vyeusi kwenye mashimo. Wawili walianguka, mmoja akafa. Yule wa pili mtu wa bodaboda alipanda juu ya kiti akamrudisha kwenye kiota, huku Hajji akishikilia miguu ya kiti na kumwambia asikanyage na viatu. Kufikia katikati ya Januari anga la juu ya paa lilikuwa na kelele mara mbili, na jioni moja tuliona viota vya mwisho vimebaki bila kinda.

Fundi alirudi. Hajji aliacha viota vilivyo upande wa paipu, ambako hakuna bidhaa, akaamuru vya juu ya mlango vikwanguliwe. Mwalimu hakuzungumza naye wiki mbili. Mimi niliona ni haki, nikamwambia Mwalimu hivyo, naye akanyamaza na mimi siku tatu.

Kisha mwezi wa nne, mvua ilipoanza, Hajji alinipigia simu. Hakusema salamu ndefu. "Njoo uone hii kitu. Njoo na Mwalimu wako, kama bado ana hasira aje nayo."

Tulimkuta ameegemeza ngazi juu ya mlango. Kwenye rangi mpya, nyeupe, pale palipokwanguliwa, kulikuwa na duara dogo la manyoya yaliyogandishwa kwa mate, halijafika hata ukubwa wa kisosi. Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Hajji alipanda ngazi, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, akanyosha kidole na kugusa ukingo wake taratibu sana.

"Bado ni mbichi," alisema kutoka juu.